Alexander Luria, daktari aliyewatafutia majeruhi njia nyingine ya kusema

Karibu kila kijiji kina mtu aliyepata kiharusi, au aliyeumia kichwa kwenye ajali ya pikipiki, akapona lakini hakurudi kuwa yule wa zamani. Mmoja anaelewa kila unachomwambia, ila maneno hayatoki. Mwingine maneno yanamtoka kama maji, lakini huambulii maana. Wa tatu anaongea vizuri na anakula vizuri, ila ukimkabidhi jembe anasimama nalo tu, hajui aanzie wapi. Majirani huwapa wote watatu jina moja: amechanganyikiwa.

Alexander Luria, daktari na mwanasaikolojia wa Urusi, alitumia sehemu kubwa ya maisha yake kuonyesha kwamba hao ni wagonjwa watatu wenye matatizo matatu tofauti, na kwamba kila mmoja anahitaji msaada wake. Luria anatajwa miongoni mwa waasisi wa nyurosaikolojia. Jina ni refu, lakini kazi yake unaweza kuieleza kwa sentensi moja: ni elimu inayochunguza jinsi ubongo unavyotuwezesha kusema, kukumbuka, kupanga na kutenda, na kinachotokea sehemu fulani ya ubongo inapoumia.

Kijana wa Kazan

Luria alizaliwa mwaka 1902 mjini Kazan, kando ya mto Volga, katika familia ya Kiyahudi. Baba yake alikuwa daktari, mama yake daktari wa meno. Alipokuwa na miaka 15 Urusi ilipinduka: mfalme akaondoka, Wabolsheviki wakashika nchi. Vyuo vikafunguliwa kwa kila mtu, na mambo yakaenda haraka mno. Luria aliingia Chuo Kikuu cha Kazan akiwa na miaka 16, akahitimu mwaka 1921 akiwa bado hajatimiza 20.

Baba alitaka mwanawe awe daktari. Mwana alitaka kujua mtu anawaza vipi. Walivutana kwa miaka mingi, na kama tutakavyoona, mwishowe wote wawili walipata walichotaka.

Mwaka 1923 Luria alihamia Moscow kufanya kazi katika Taasisi ya Saikolojia. Utafiti wake wa mwanzo ulikuwa na ujanja wake. Alimpa mtu kifaa cha kuminya kwa mkono, kisha akamtajia maneno mbalimbali na kumtaka ajibu kila neno kwa neno la kwanza linalomjia huku akiminya. Neno likigusa jambo analolificha, kama lile la mshukiwa wa uhalifu, mdomo unaweza kujibu kwa utulivu lakini mkono ukatetemeka. Wapo wanaoihesabu kazi hiyo kuwa mmoja wa mababu wa mashine za kutambua uongo.

Mwaka 1924, kwenye mkutano wa wanasayansi, alimsikia kijana mwingine akizungumza. Huyo alikuwa Lev Vygotsky, mwalimu kutoka mji mdogo wa Gomel. Luria alivutiwa naye kiasi cha kuhakikisha anahamia Moscow. Vygotsky alishikilia kwamba akili ya mtu haikui peke yake ndani ya fuvu: inajengwa na lugha, na watu wanaotuzunguka, na vyombo tunavyorithi kama kuhesabu na kuandika. Walifanya kazi pamoja kwa miaka 10, hadi kifua kikuu kilipomuua Vygotsky mwaka 1934, akiwa na miaka 37 tu. Luria alibaki na wazo hilo maisha yake yote.

Wakulima na dubu wa kaskazini

Mwaka 1931 na 1932 Luria aliongoza safari za utafiti hadi Uzbekistan, Asia ya Kati. Huko serikali ya Kisovieti ilikuwa inafungua madarasa ya kusoma na kuandika na kuwaingiza wakulima katika mashamba ya pamoja. Alitaka kujua kama namna ya kuwaza inabadilika mtu anapoingia darasani.

Aliwaonyesha wakulima wasiojua kusoma picha za nyundo, msumeno, shoka na gogo, akawauliza kipi hakifanani na vingine. Aliyesoma shule atasema gogo, kwa kuwa vile vitatu ni vifaa. Wakulima walikataa kutoa chochote. Msumeno na shoka bila gogo vina kazi gani? Vyote vinakwenda pamoja.

Kisha aliwapa fumbo. Kaskazini ya mbali, kwenye theluji, dubu wote ni weupe. Novaya Zemlya iko kaskazini ya mbali. Dubu wa huko wana rangi gani? Wengi walijibu kwamba hawajafika huko, kwa hiyo hawawezi kusema. Akaulizwe mtu aliyewaona. Waliokwisha kukaa darasani hata kwa muda mfupi walijibu moja kwa moja kuwa ni weupe.

Luria aliona hapo kwamba shule hubadilisha namna ya kuwaza, na kuhusu hilo ushahidi wake ulikuwa na uzito. Lakini aliwaweka wale wakulima kwenye ngazi ya chini ya kufikiri, na hapo nadhani alikwenda mbali. Mtu anayekataa kutoa ushahidi wa jambo asiloliona angesifiwa katika baraza lolote la wazee. Mmarekani Michael Cole, aliyesoma kwa Luria mjini Moscow miaka ya 1960, baadaye alifanya utafiti nchini Liberia. Yeye na wenzake waligundua kwamba wakulima wa Kikpelle walikadiria kiasi cha mchele kwa usahihi kuliko Wamarekani waliosoma. Ukimpima mtu kwa kazi aijuayo, unaona akili yake. Ukimpima kwa mchezo wa darasani, unapima darasa.

Wakubwa wa Moscow walimkasirikia Luria kwa sababu nyingine kabisa. Walimshutumu kuwa amewadharau watu wa Asia ya Kati wakati chama kinawasifu. Matokeo yakafungiwa kabatini, na kitabu chake juu ya safari hizo hakikutoka hadi mwaka 1974, zaidi ya miaka 40 baadaye.

Vipande vya karatasi sakafuni

Kabla ya safari hizo, yeye na Vygotsky walikuwa wamefanya jaribio dogo kwa wagonjwa wa Parkinson, ugonjwa unaoukakamaza mwili na kuutetemesha. Mgonjwa alijaribu kutembea kwenye sakafu tupu, akapiga hatua mbili tatu akakwama. Lakini mgonjwa huyohuyo alipanda ngazi bila tabu kubwa. Wakatawanya vipande vya karatasi sakafuni na kumwambia avuke kimoja kimoja. Akavuka chumba kizima.

Miguu haikuwa imepona. Kilichobadilika ni njia. Kutembea bila kufikiri kunategemea sehemu za ndani kabisa za ubongo, na hizo ndizo zilizoumwa. Kuvuka kitu unachokiona kunapitia sehemu nyingine, ambazo zilikuwa nzima. Ni kama daraja likivunjika na mto umejaa: huwezi kupita pale, lakini ukijua vizuri ni daraja lipi limekwenda, unaweza kuzungukia kivuko kingine ukafika sokoni. Sehemu kubwa ya kazi aliyoifanya baadaye hospitalini ilitoka kwenye karatasi hizo.

Katika miaka ya 1930 siasa ilizidi kubana. Mwaka 1936 amri ya chama ilipiga marufuku upimaji wa watoto uliokuwa ukifanyika shuleni, na maandishi ya Vygotsky, ambaye alikwisha kufa, yakawekwa kando. Luria alikuwa akifanya utafiti wa watoto mapacha katika taasisi ya urithi wa kibinadamu. Taasisi hiyo ilifungwa, na mkurugenzi wake, Solomon Levit, alikamatwa na kuuawa mwaka 1938. Luria alirudi darasani kimya kimya akasoma udaktari, akahitimu mwaka 1937 akiwa na miaka 35. Baba yake alipata daktari aliyemtaka. Mwana naye aliingia hospitali ya upasuaji wa ubongo akiwa na swali lilelile la ujana wake.

Hospitali ya milima ya Ural

Juni 1941 majeshi ya Hitler yalivamia Umoja wa Kisovieti. Luria alipewa jukumu la kuanzisha hospitali ya askari waliopigwa risasi au vipande vya mabomu kichwani. Jengo lilikuwa nyumba ya mapumziko yenye vitanda 400 katika kijiji cha Kisegach, karibu na mji wa Chelyabinsk, milima ya Ural, mbali na mizinga.

Walioletwa walikuwa vijana wa miaka 20 na kitu, wenye afya isipokuwa tundu moja kichwani. Jeraha la risasi lina mpaka: daktari anaweza kuona limeingilia wapi na limeharibu nini. Luria na wenzake walikaa na kila mmoja, wakimpa kazi ndogondogo. Rudia neno hili. Taja kitu hiki. Chora duara chini ya mraba. Niambie hadithi hii inahusu nini. Kisha walilinganisha alichoshindwa na mahali palipoumia.

Hapa inabidi turudi nyuma kidogo. Mwaka 1861 daktari Paul Broca wa Ufaransa alimpasua marehemu aliyekuwa amepoteza usemi, akabakiwa na silabi moja tu, akakuta jeraha upande wa kushoto, mbele ya ubongo. Mwaka 1874 Carl Wernicke wa Ujerumani akaeleza wagonjwa wa aina nyingine: wanasema kwa wingi lakini hawaelewi wala hawaeleweki, na jeraha lao liko nyuma zaidi, upande uleule wa kushoto. Tangu hapo wataalamu waligawanyika. Kundi moja lilisema kila uwezo una chumba chake ndani ya ubongo. Kundi jingine likasema ubongo wote unafanya kazi kwa pamoja kama uji kwenye sufuria.

Luria hakukubali lolote kati ya hayo mawili. Alisema kazi moja ya akili ni ushirika wa sehemu nyingi, na kila sehemu inachangia kitu chake.

Chukua kuandika jina lako. Inabidi usikie sauti za jina hilo kichwani na kuzitenganisha. Inabidi ukumbuke umbo la kila herufi. Inabidi ujue juu na chini, kushoto na kulia kwenye karatasi. Vidole vinahitaji mwendo mmoja kufuata mwingine bila kukwama. Na mwanzo hadi mwisho inabidi ushike nia, usije ukaanza jina ukamalizia kwa kurudia herufi moja hadi ukingoni mwa karatasi. Kila moja ya hizo inategemea sehemu yake ya ubongo. Kwa hiyo kusema tu kwamba mgonjwa ameshindwa kuandika hakumsaidii. Ameshindwa kwa sababu ipi? Asiyetenganisha sauti na asiyejua kushoto na kulia wote karatasi zao zitakuwa vurugu, lakini makosa yao hayafanani, na somo la kuwasaidia halifanani.

Ikishajulikana sehemu iliyovunjika, ndipo njia ya kuzunguka ilipotafutwa. Aliyeshindwa kutambua herufi kwa macho alifundishwa kuifuata kwa kidole, mkono ukaliambia jicho. Aliyepoteza matamshi aliketi mbele ya kioo na kujifunza upya midomo na ulimi vinakaa vipi. Aliyeshindwa kupanga masimulizi aliandika kila wazo kwenye kipande chake cha karatasi bila kujali mpangilio, kisha akavipanga mezani. Kazi ilikuwa ya miezi, na wengine hawakupona. Hata hivyo wako waliorudi kusoma, kusema na kufanya kazi.

Mtu aliyeandika asichoweza kusoma

Mmoja wa majeruhi hao alikuwa luteni kijana, Lev Zasetsky, aliyekuwa akisomea ufundi kabla ya vita. Mwezi Machi 1943, katika eneo la Smolensk, risasi iliingia kichwani mwake upande wa kushoto, nyuma, ikaharibu sehemu ambayo habari za macho, za mwili na za mahali hukutania.

Nusu ya kulia ya kila alichokitazama ilitoweka. Wakati mwingine hakujua mkono wake uko wapi. Alipotoka chumbani hospitalini alipotea kwenye korido. Alikuwa amesahau kusoma kabisa, na ilibidi afundishwe herufi kama mtoto.

Lugha nayo ilimvurugikia kwa namna ya pekee. Maneno ya kawaida aliyaelewa. Lakini jaribu hili: kaka wa baba, na baba wa kaka. Wewe huhitaji hata kufikiri. Wa kwanza ni baba yako mkubwa au mdogo, wa pili ni baba yako mwenyewe. Maneno ni yaleyale, mpangilio tu umebadilika. Zasetsky aliyasikia yote mawili kama kitu kimoja. Luria alieleza sababu yake: kuelewa uhusiano wa aina hiyo kunatumia sehemu ileile ya ubongo inayotujulisha kipi kiko juu ya kipi, na kipi kiko mbele ya kipi.

Siku moja daktari alimwambia aandike neno zima kwa mkupuo, bila kuinua penseli na bila kufikiria herufi moja moja. Mkono ukaandika. Ujuzi wa vidole, ulioshikwa tangu utoto, risasi haikuufikia. Lakini alichokiandika hakuweza kukisoma isipokuwa kwa shida, herufi baada ya herufi.

Kwa mkono huo alianza kuandika maisha yake. Alirudi nyumbani kwa mama yake na dada zake, akakaa mezani siku hadi siku. Neno alilolitaka lingeweza kumchukua muda mrefu, na akilipata alikuwa amesahau sentensi. Siku nzima ya kazi ilimpa ukurasa mmoja au nusu yake. Aliendelea hivyo kwa miaka 25, akajaza kurasa zipatazo 3,000. Luria alimfuatilia miaka yote hiyo, na mwaka 1971 alitoa kitabu kilichounganisha maandishi ya mgonjwa na maelezo ya daktari.

Alipataje nguvu hiyo? Sehemu ya mbele ya ubongo wake, nyuma ya paji la uso, ilibaki nzima. Hiyo ndiyo inayopanga, inayoshika lengo na inayojikagua. Luria aliona wengi ambao hali yao ilikuwa kinyume chake. Waliosoma, waliosema na walioona vizuri, lakini jeraha likiwa mbele, walikaa kitandani bila kutaka chochote wala kusikitika. Zasetsky aliumia kila siku kwa kujua alichopoteza, na kujua huko kulikuwa ushahidi kwamba yeye mwenyewe hakupotea. Ndugu anayelia kwa sababu neno halitoki, mara nyingi anakuelewa vizuri sana. Usimzungumzie mbele yake kana kwamba hayupo.

Asiyeweza kusahau

Luria aliandika pia juu ya mtu wa upande wa pili kabisa. Katika miaka ya 1920 mhariri wa gazeti mjini Moscow alimgundua mwandishi wake, Solomon Shereshevsky, kuwa hachukui maelezo kamwe, lakini anakumbuka kila agizo neno kwa neno. Akamtuma kwa Luria. Luria alimsomea orodha za maneno na tarakimu 70 na zaidi, naye alizirudia zote, tangu mwanzo au tangu mwisho. Alizikumbuka hata baada ya miaka 15.

Siri yake ilikuwa picha. Kila neno lilimjia na umbo na rangi, akaliweka mahali fulani kwenye barabara anayoijua, kisha akapita kichwani mwake akiyaokota. Mara moja aliliruka neno yai kwa sababu alikuwa ameliweka mbele ya ukuta mweupe, akapita bila kuliona.

Wengi tungedhani hiyo ni bahati. Kwake ilikuwa mzigo. Kusoma habari ya kawaida kulimshinda kwa sababu kila neno lilizua picha iliyoziba ile inayofuata. Nyuso za watu zilimchanganya kwa kubadilika kila dakika. Alijaribu kusahau kwa kuandika mambo kwenye karatasi na kuichoma moto, lakini aliendelea kuziona tarakimu juu ya majivu.

Miaka ya mwisho

Baada ya vita Luria hakupumzishwa. Kuanzia mwaka 1950 wakubwa wa sayansi walilazimisha kila mtu afuate tafsiri moja tu ya mafundisho ya Pavlov, na Luria akapoteza nafasi yake kwenye taasisi ya upasuaji wa ubongo. Alihamia kwenye taasisi ya watoto wenye ulemavu, akachunguza jinsi mtoto anavyojifunza kujiongoza kwa maneno yake mwenyewe. Mwishoni mwa miaka ya 1950 alirejea kwa wagonjwa wa ubongo. Kitabu chake kikubwa kilitoka mwaka 1962, kikatafsiriwa na kusomwa nje ya nchi yake. Daktari kijana wa Uingereza aliyeishi Marekani, Oliver Sacks, aliandikiana naye barua katika miaka yake ya mwisho, akajifunza kwake kuwaandika wagonjwa kama watu wenye historia.

Luria alifariki dunia mjini Moscow mwezi Agosti 1977 kwa maradhi ya moyo, akiwa na miaka 75. Mkewe Lana, mwanasayansi wa baiolojia, alimfuata miezi michache baadaye.

Mojawapo ya vipimo vyake bado kinatumika hospitalini katika nchi nyingi, na hakihitaji mashine wala umeme. Daktari anaweka mkono mezani mara tatu: ngumi, kisha ubavu wa mkono, kisha kiganja. Mgonjwa anatazama, halafu anarudia mwenyewe, ngumi, ubavu, kiganja, mara kadhaa mfululizo. Mwenye jeraha au uvimbe mbele ya ubongo mara nyingi hukwama, akarudia ngumi, ngumi, ngumi, hata kama anaweza kukutajia kwa mdomo mpangilio ulio sahihi.